Mguu wa Kushoto wa Diwani

Niseme mapema, tusije tukagombana huko mbele: sungura sikumtaka. Mimi Paskazia, mjane wa Elias, mkazi wa Nyakato mwaka wa ishirini na sita huu, nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Ninavyojua, mnyama wa kufuga ni yule anayetoa maziwa, au mayai, au anayebweka mwizi akija. Sungura anatoa nini? Anatoa vinyesi kama mbegu za papai, basi.

Aliletwa na binti yangu Rose alipokuwa chuo. Siku anaolewa, mwezi wa tisa mwaka jana, akamwacha sebuleni ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, akaniambia, "Mama, kaa na huyu, usiwe peke yako." Nikamjibu, "Yaani wewe unaondoka, unaniachia sungura?" Akacheka huku machozi yanamtoka, akaingia kwenye gari.

Jina la Diwani nilimpa mimi. Alikuwa mnene, anakula vya watu kutwa nzima, na ukimuuliza kitu anakutazama tu huku mdomo unatembea.

Sasa miezi minane imepita na mambo yamebadilika, asikwambie mtu. Anakula kutoka mkononi mwangu tu. Nikirudi kutoka Mwaloni ninakochukua dagaa wa kuuza, anasikia ndala zangu toka getini, anaanza kuzunguka. Jioni nikizima redio kabla hajaridhika, anapiga mguu wa nyuma wa kushoto chini: ti! Nawasha, ananyamaza. Nazima, ti! Nimejikuta nasikiliza vipindi vya kilimo cha pamba, mimi ambaye pamba nimeiacha kwa baba yangu. Usiniulize mwenye nyumba ni nani.

Na ninamweleza mambo yangu yote, hasa mambo ya mkwe.

Mkwe wangu anaitwa Otuoma, Mjaluo wa Rorya, afisa mifugo huko Misungwi. Siku ya sendoff, ile sherehe ya kumuaga binti, walinipa kipaza sauti niseme neno la mama. Nilikuwa nimechoka, nimeumia moyo, binti yangu wa pekee anachukuliwa, basi ulimi ukateleza. Nikasema, "Nimemsomesha Rose uhasibu miaka mitatu, leo namkabidhi kwa mtu anayeingiza mkono kwenye ng'ombe mpaka begani!" Ukumbi mzima ukacheka. Rose hakucheka. Na tangu aolewe hajalala nyumbani kwangu hata usiku mmoja.

Ila anapiga simu. Kila Jumapili baada ya ibada, lazima. Na kila Jumapili kabla ya kukata anasema, "Mama, Otuoma anakupa shikamoo." Nami najibu, "Haya." Sisemi marahaba, nasema haya.

Ukiniuliza sababu nitakwambia ni mila. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Nikaja kugundua Wajaluo nao ni hivyo hivyo, tena wao wamekaza nati zaidi. Uso wa Otuoma sikuwa nimeuona, hata ukumbini niliona suti tu kwa mbali. Picha ya harusi ninayo, lakini kwenye picha za harusi mabwana harusi wote wanafanana. Basi, ni mila. Lakini hakuna mila iliyokataza kujibu salamu ya simu. Hilo nilikuwa nalijua, na Diwani alikuwa analijua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe.

Sasa, Ijumaa moja ya mwezi wa tano, asubuhi, nafungua banda nampa matembele, Diwani haji. Nikamwita. Akasogea hatua mbili, ameukunja mguu wa nyuma wa kushoto, haukanyagi. Akasogea tena, akaketi. Matembele akayanusa, akayaacha.

Weee! Diwani na kuacha matembele!

Nilifanya nililolijua. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachovya kitambaa nikamkanda kama mtu aliyeteguka. Akaniparura mkono wote. Nikachukua dawa ya kuchua, ile yenye harufu ya kuamsha wafu, nikampaka pajani. Akaanza kujilamba, akapiga chafya, akanigeuzia mgongo. Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu Nkwabi.

Nkwabi ni mdogo wa marehemu mume wangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hapa mjini ndiye mkubwa wa ukoo. Mila zote anazo yeye kichwani, na njaa zote anazo yeye tumboni. Tangu sungura aje, shemeji hajawahi kumtazama usoni, anamtazama mapaja.

"Shemeji, huyu amevunjika," akasema. "Mguu ukivunjika mnyama anaanza kukonda. Ni leo au kesho. Kesho atakuwa na nyama kidogo kuliko leo."

"Nkwabi, toka."

"Nakushauri tu. Au msagie nusu panadol umnyweshe."

Aibu yangu ninaitoa hadharani: panadol niliisaga. Nilikuwa nimeshaikoroga kwenye kijiko, nikakumbuka kitu. Hivi panadol ni ya mtu wa kilo sabini kama mimi, huyu hafiki hata kilo tatu, si nitamuua? Nikamwaga. Nikakaa chini sakafuni pembeni yake, redio imezimwa, nikingoja ile ti. Haikuja. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia friji ya jirani.

Nikamwambia, "Diwani, ukiniondokea wewe nabaki na nani? Na Nkwabi?" Nikalia. Ndiyo, nililia kwa ajili ya sungura, na atakayenicheka aje nimpe boksi tupu akae nalo miezi minane.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ninayemjua mwenye elimu ya wanyama. Nilizunguka na simu nyumba nzima, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, mwisho nikapiga. Si Jumapili, kwa hiyo Rose akapokea kwa kushtuka.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Diwani anachechemea. Na hali chakula."

Nikasikia anamwambia mtu pembeni, na sauti ya kiume, ya chini, inauliza maswali. Rose akawa anayarudia kama mkalimani. Ana kidonda? Sijaona. Mguu umening'inia au ameukunja? Ameukunja. Ameanza lini kutokula? Leo asubuhi.

"Mama, anasema usimkande na usimchue," Rose akasema. "Usimpe dawa yoyote ya watu. Muweke kwenye boksi dogo, utandike majani makavu, asirukeruke. Maji yawe karibu na mdomo. Na anasema sungura asiyekula siku nzima si wa kungoja. Matumbo yake yakisimama, tunampoteza kabla hata ya kuujua ugonjwa wa mguu. Kesho asubuhi tuko hapo."

"Tuko? Wewe na nani?"

"Mama, mimi nimesoma uhasibu."

Neno lilikuwa langu, limerudi kwa mwenyewe.

Jumamosi saa nne wakafika. Nkwabi alikuwa ameshajua, sijui nani alimwambia, akaja na kiti chake kabisa. "Mimi nipo hapa kwa ajili ya mila," akatangaza. "Mkwe asimwone mama mkwe, na mama mkwe asimwone mkwe. Shemeji, ingia chumbani!"

Nikaingia. Kati ya chumba na sebule hakuna mlango, kuna pazia, lile zito la maua nililolishona mwenyewe. Nikasikia miguu inaingia sebuleni, na sauti ikasema polepole, "Hodi humu ndani. Shikamoo, baba mdogo." Nkwabi akaitikia. Kisha ile sauti ikageukia pazia, "Shikamoo, mama." Mimi nikakohoa.

Mpango ulikuwa Rose ashike, mume wake atibu, mimi nikae chumbani nisali. Mpango mzuri sana, ila Diwani hakushirikishwa. Rose alipomtoa kwenye boksi, akamng'ata kidole mpaka damu. Rose wangu, aliyemlea kwa chupa! Miezi minane si mchezo, hata sungura ananuna. Nikamsikia binti yangu anasema, "Amenisahau," na ile sauti yake haikuwa ya kidole.

Nkwabi akajaribu, akang'atwa naye, akapiga kelele akamwita mama yake aliyekufa zamani.

"Anashikwa na mimi tu," nikasema kutoka chumbani. "Nilishawaambia."

Wakajadiliana. Mwisho Nkwabi akatoa hukumu. Wakaleta meza ndogo ya chai, wakaiweka katikati kabisa ya mlango, chini ya pazia, nusu chumbani, nusu sebuleni. Diwani akalazwa juu yake. Kichwa na mikono kwangu, makalio na miguu kwa mkwe wangu, pazia likamkatiza kiunoni kama mkanda. Rose alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa. Mara ya mwisho kumsikia akicheka ndani ya nyumba hii sikumbuki ilikuwa lini.

"Mama, anasema mfunike macho kwa kitambaa, atatulia," Rose akasema.

"Nimesikia, si yuko hapo hapo?"

"Mila, shemeji!" Nkwabi akakemea. "Mnasemeshana kupitia kwa mtoto!"

Basi ikawa hivyo mpaka damu ya Rose ikakataa kukatika, na mume wake akamwambia akimbilie duka la dawa akafunge hicho kidole, na arudi na bandeji nyingine. Rose akatoka. Tukabaki mimi, Nkwabi kwenye kiti chake, na mkono wa mtu upande wa pili wa pazia, na hakuna wa kutupitishia maneno. Mara nikasikia:

"Diwani, mwambie anayekushika kwamba kucha zako ni ndefu, ila si hizo zinazokuumiza."

Nikamtazama Diwani. Nkwabi akafikiri, akasema, "Hiyo inaruhusiwa. Sungura si mtu."

"Diwani," nikasema, "mwambie daktari kucha huwa nakata mimi, ila mwezi huu ulinikimbia."

"Diwani, goti lako zima. Kisigino kizima, hakina kidonda. Mfupa haujavunjika, mshukuru Mungu." Pumzi iliyonitoka ilipeperusha pazia. "Ila hapa kwenye kidole, manyoya yamegandamana. Ngoja. Kidole kimevimba, kimekuwa cheusi kidogo. Kuna kitu kimekizunguka."

"Kitu gani?" nikasahau kupitia kwa Diwani. Nkwabi akagonga kiti.

"Uzi. Uzi wa nailoni, wa kijani. Umekaza mpaka umezama kwenye ngozi. Diwani, wewe unalala kwenye nini?"

Uzi huo niliujua. Kule Mwaloni wavuvi hunipa vipande vya nyavu chakavu za dagaa. Nani kwenye ziwa hili anatupa wavu? Tunafunikia mchicha kuku wasidonoe, watoto wanafungia magoli, mimi nilishonea hata dodoki la kuogea. Mwezi uliopita nikamtandikia Diwani bandani, tabaka mbili, ili mkojo upite chini asilale kwenye unyevunyevu. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Kumbe nilimtegea mnyama wangu wavu, nikamfunika, nikamtakia usiku mwema.

"Diwani," nikasema, "mwambie ni mimi. Wavu nimeuweka mimi."

Mkwe akasema upande wa pili, wala hakuwa na ukali, "Diwani, mwambie mama hata kwetu Rorya watu wanafanya hivyo. Mwambie uzi bado unatoka. Ungekaa siku mbili zaidi, kidole kingekufa, na baada ya kidole mguu." Akavuta pumzi. "Sasa nakata. Itauma. Asikuache urushe mateke. Sungura akirusha mateke hewani makalio hayajashikwa, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Akivunjika hapo hakuna dawa. Mkono mmoja kifuani, mmoja chini ya makalio, ukukumbatie kabisa."

Nikapitisha mkono chini ya pazia. Makalio ya Diwani yalikuwa upande wake. Mkono wangu ukafika nusu, pazia likanizuia kwenye kiwiko, lile zito la maua. Nikasukuma, meza ikayumba. Nikasikia mkasi. Diwani akakakamaa mwili mzima, kisha akaanza. Mateke! Mgongo ulikuwa unajikunja mikononi mwangu kama samaki aliyetoka majini sasa hivi.

"Mama, mshike!" mkwe wangu akapiga kelele. Hakumtuma Diwani. "Mshike mgongo!"

Nikang'oa pazia.

Fimbo, kulabu, maua, vyote vikanishukia kichwani. "Shemeji! Mkwe! Mkwe!" Nkwabi alikuwa anapiga mayowe kama nyumba inaungua. Nikamwambia, "Nyamaza wewe!" nikamkumbatia Diwani mzima, makalio yake kwenye tumbo langu, kidevu changu juu ya masikio yake. Akasukuma mara moja, mara mbili, akatulia. Moyo wake ulikuwa unagonga mkononi mwangu.

Nikainua macho. Otuoma alikuwa sentimita ishirini kutoka kwenye pua yangu.

Mimi nilimfikiria jitu lenye mikono ya bucha. Alikuwa kijana mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi mweusi kwenye bawaba, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na midomo inamtetemeka. Alikuwa ananiogopa. Lakini mikono haikutetemeka hata kidogo. Akashusha macho haraka kwa heshima, akaendelea na kazi yake, ncha ya mkasi ikiingia kwenye manyoya taratibu mno, kama anatoa mchanga kwenye jicho la mtoto. Nilimtazama kazi yote ile. Sikujua kama mtu aliyezoea ng'ombe anaweza kushika kitu kidogo namna ile.

Uzi ukatoka. Mfupi, wa kijani, ungeupuuza ukiuona sakafuni. Akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akapaka dawa, akasogea nyuma hatua tatu, akageukia ukutani.

"Tayari, mama," akaiambia kalenda. "Na shikamoo."

Nilifungua mdomo. Marahaba ilikuja mpaka kwenye meno, nikakumbuka ukumbi, kipaza sauti, watu wanacheka, na yeye pale meza kuu na suti yake. Haikutoka. Si kiburi safari hii, ilikuwa aibu. Nikambeba Diwani nikakimbilia jikoni.

Rose alirudi na bandeji, wakaondoka kabla ya chakula. Rose aliacha maagizo: kidonda kioshwe mara mbili kwa siku, majani makavu yabadilishwe kila siku, boksi dogo wiki mbili, wavu uchomwe. Nkwabi naye aliacha ya kwake.

"Mkwe ameuona uso wa mama mkwe. Atatoa mbuzi wa kuondoa aibu."

"Pazia limeng'olewa na nani?" nikamuuliza.

"Na wewe. Lakini..."

"Basi mbuzi natoa mimi."

Nkwabi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Tangu dunia iumbwe, mama mkwe hajawahi kutoa mbuzi!"

"Basi utakuwa shahidi wa kwanza. Utapata na nyama."

Pale kwenye nyama akatulia, akaanza kuikumbuka mila upya.

Jumamosi ile ile jioni Diwani alikula majani matatu ya matembele. Jumapili akamaliza fungu. Rose alipopiga simu na kusema "Otuoma anakupa shikamoo," nikamwambia, "Mwambie angoje." "Angoje nini, mama?" Nikakata.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya misa, nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikamtia Diwani kwenye kapu lenye kifuniko, tukashuka Misungwi mimi na Nkwabi. Mbuzi alitungoja kwa mtu niliyekwisha kuongea naye, dume jeupe lenye dharau. Nkwabi akavuta kamba, mbuzi akamvuta Nkwabi, tukafika hivyo mpaka kwenye nyumba yenye mlango wa bluu.

Rose akatoka na mwiko mkononi. "Mama? Mbuzi?"

"Mwite mume wako."

Otuoma akatoka, akaniona, akafanya adabu yote inayotakiwa: akasimama mbali, akageuka ubavu, macho kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," nikasema.

Mwiko ukamdondoka Rose.

"Msinikatishe," nikasema, "maana nikikatishwa nitarudi Nyakato. Hiyo ni ya leo. Ya Jumapili iliyopita, marahaba. Ya siku uliyotoa uzi, ile uliyoiambia kalenda, marahaba. Ya Pasaka, marahaba. Ya Krismasi, marahaba. Ya ile Jumapili ya mvua kubwa, marahaba. Na ile Rose alipopiga akiwa kitandani na malaria, akanipa salamu zako kwa sauti ya kukauka, nami nikajibu haya nikakata simu, hiyo marahaba mara mbili."

Nikahesabu zote. Nyingine sikuzikumbuka tarehe, nikazitaja tu. Rose alikuwa ameketi kizingitini analia bila kujificha. Hata Nkwabi aliiachia kamba, mbuzi akala nusu ya ua la michongoma.

"Na lile neno la ukumbini," nikasema. "Lile la ng'ombe. Nisamehe, mwanangu. Nilisema vibaya."

Miwani ya Otuoma ilikuwa imeingia ukungu. Kisha akasema, macho bado chini kwenye mchanga:

"Mama, lakini ni kweli. Unafika mpaka begani."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Rose akacheka, Nkwabi akacheka bila kujua tunacheka nini. Tulipotulia kidogo, ndani ya kapu langu mtu aliyekuwa hajaridhika akapiga mguu chini.

Ti!

Rose akainua kichwa. "Mama, huo ni upi?"

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko, nimeshaona.

"Wa kushoto," nikasema. "Njoo, baba, uutazame. Sogea hapa karibu."